Mikia Miwili na Maji ya Jani

Paukwa!

Pakawa!

Mliolala amkeni, mlioamka sogeeni.

Hapo zamani za kale, si kale sana, palikuwa na nyumba ya kujaribia dawa. Humo waliishi panya weupe pe. Mmoja aliitwa Kitete. Mlango ukilia kwii, moyo wake du, du, du. Kijiko kikianguka, moyo du, du, du. Akaogopa hata kula. Asiyekula hana maziwa, na Kitete alikuwa na watoto saba. Wananyonya, hawapati kitu. Wananyonya, hawapati kitu. Wakakonda hadi mbavu zikahesabika.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Tunu, mwanamke wa koti jeupe. Wazee walimwonyesha jani la msituni, wakamwambia hutuliza moyo. Lakini Bi Tunu haamini mpaka aone. Akalichemsha, akalichuja, yakatoka maji machungu ya kijani. Nusu ya panya akawapa maji ya jani, akawapaka mikia wino mwekundu. Nusu akawapa maji matupu, akawapaka buluu. Kila asubuhi, tone mdomoni. Siku ya nne akawapandisha darajani, aone nani bado anaogopa.

Daraja gani hilo, jamani! Liko juu, lina njia nne. Mbili zina kuta. Mbili hazina kitu, ukichungulia unaona sakafu kule chini. Chiku, dada yake Kitete, mwenye mkia mwekundu, akatoka kwenye kuta. Nyata, nyata, nyata. Akafika ukingoni kabisa, akaketi, akanawa uso. Panya wote wakaduwaa. Jani dogo vile, limeufungua moyo kama mtu afunguavyo fundo la kanga.

Kitete, mwenye mkia wa buluu, alijibanza ukutani mpaka akaja kutolewa.

Chiku akawatazama wale saba waliokonda. Naye alikuwa na saba wake, wamenona. Bi Tunu alipopaka wino upya, panya wakaanza kulambana, maana panya hawezi kumwacha mwenzake mchafu. Chiku akalamba mkia wa Kitete, lamba, lamba, buluu yote ikahamia ulimini. Akausugua kwa mkia wake mwekundu, ukawa mwekundu. Kisha akajilamba mwenyewe, lamba, lamba, mkia wake ukawa wa buluu.

"Dada, woga utakurudia," akasema Kitete.

"Utanirudia," akasema Chiku. "Lakini wangu wameshiba. Wako hawana kesho."

Siku ya kwanza Kitete akapata tone la jani. Siku ya pili akala. Siku ya tatu maziwa yakaja. Siku ya nne, darajani. Nyata, nyata, nyata, mpaka ukingoni. Mbele yake dirisha, na nje ya dirisha mti mkubwa unatikisika, majani maelfu kwa maelfu. Kitete hakuwahi kuuona mti. Siku zote anauogopa mlango, kumbe huko nje kuna mti! Akautazama, moyo wake umetulia tuli.

Na Chiku? Chiku alijibanza ukutani, du, du, du. Hakula. Maziwa yakakauka. Kitete hakungoja kuombwa. Akawavuta watoto wa dada yake mmoja mmoja, akawalaza na wake. Kumi na wanne chini ya tumbo moja.

Asubuhi Bi Tunu akaja na tone lake. Akaufungua mdomo wa Chiku, akaona asilolitazama siku zote: ulimi wa buluu. Akawatazama wale watoto. Akawahesabu. Akawahesabu tena. Akakaa kitini, mkono shavuni.

"Jani la kutuliza moyo nimeliona," akasema polepole. "Lililomfanya huyu alambe mkia wa mwenzake, hilo nitalichuma msitu gani?"

Akainuka, akachukua wino mwekundu, akaipaka mikia yote miwili.

Basi wanangu, nanyi watu wazima: dawa huondoa woga, lakini ndugu huuchukua woga wako akaubeba yeye. Ukimpata wa hivyo, usingoje akuombe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye na dada, akamsalimie.