Kamba ya Mize

Paukwa, jamaa! Itikieni, niwasimulie.

Zimwi lilimteka mama yao Kombo na Mize, likamtia shimoni. Likawaambia, “Nisokoteeni kamba ya makumbi ya nazi. Nikiivuta mara tatu isikatike, mtoeni mama yenu.”

Kombo akacheka. “Kamba tu? Itanishindaje?” Akasokota harakaharaka. Zimwi likaifunga mtini, likavuta mara moja, pwa! Ikakatika, na Kombo akatupwa shimoni.

Mize alisokota makumbi tangu utotoni, hata viganja vikaota sugu. Hata hivyo hakufanya haraka. Kila kamba ilipolegea aliifumua, akaanza upya, mpaka ngozi ikachubuka.

Zimwi likaifunga kamba yake mtini, likavuta, kamba ikalia. Likavuta tena, uzi mmoja ukachanika, Mize akafumba macho. Likavuta mara ya tatu kwa nguvu zake zote, mti ukang’oka na mizizi yake. Kamba haikukatika.

“Watoe,” likasema, likaenda zake.

Mize akamvuta mama, kisha Kombo. Kombo akavishika viganja vya dada yake, vikivuja damu.

“Nifundishe, Mize,” akasema, naye hakuwahi kumwomba mtu amfundishe kitu.

Hapo ndipo nilipoikuta ngano, na hapo naiacha.