Nani Aushike Mkoba wa Nambua?

Tegeni masikio. Anayetaka hadithi tamu aondoke mapema.

Huko Upare juu, mganga Nambua alikuwa na watoto watatu. Kisaka, mkubwa, alijaliwa pua: hata gizani, akinusa mzizi anakutajia jina lake. Sefue, kitindamimba, alijaliwa miguu. Mlima kwake ni baraza. Naelijwa wa katikati alijaliwa ulimi, na digrii ya kemia iliyoning'inia ukutani ikiliwa na mende. Kwa intavyuu za kazi alishazunguka hadi viatu vikaomba talaka.

Nambua alishika mwiko mmoja: mgonjwa hanywi dawa ambayo mganga hajainywa kwanza. Dawa za kijiji kizima zilipita kooni mwake. Mwaka mmoja macho yakawa manjano, tumbo likajaa maji. Akajichemshia mzizi wa ini. Umanjano ukazidi, naye akazidisha mzizi.

"Ini linataka uchungu," alisema, akanywa tena.

Kisaka akainamia chungu, akanusa, akakipiga teke. "Mama, huu si mzizi wako, ni pacha wake. Sumu hii inakula ini." Asingenusa, mama angekinywa chote.

Sefue akambeba mgongoni. Mvua ilikuwa imekata barabara, hata bodaboda hazipandi. Alishuka mlima mzima bila kumtua. Asingembeba, mama angefia kitandani.

Hospitalini wakampa vidonge vya malaria, wakamwambia arudi nyumbani. Naelijwa, aliyewafuata nyuma, akaziba mlango. "Doctor, look at her eyes. Pima ini. Mimi sitoki, sina kazi ya kuwahi." Wakapima. Ini lilikuwa linazimika. Asingebishana, wangerudi mlimani na maiti.

Nambua akapona, kama kule ni kupona. "Ini limebaki kipande," daktari alionya. "Tone moja tu la mizizi, unakufa."

Mganga asiyeweza kuonja si mganga tena. Mkoba wake wa uganga ulipaswa kurithiwa, na mkoba haugawanywi.

"Ni wa aliyeniokoa," Nambua alisema.

"Niliyezuia sumu ni mimi," Kisaka akasema.

"Ukazuia, kisha ukakaa unamtazama," Sefue akamjibu. "Mgongo ulikuwa wa nani?"

"Punda naye ana mgongo," Naelijwa alisema. "Mlimfikisha mlangoni. Aliyewafungua madaktari macho ni nani?"

Kisaka akamgeukia. "Dada, wewe msomi unajua kabisa: mwenye mkoba hunywa kwanza. Unataka ini life kama la mama?"

Naelijwa alitazama macho ya mama yake, manjano bado. Alijua. Mkono aliounyooshea mkoba haukurudi nyuma.

"Ini langu ni zima," alisema. "Ndicho kitu changu pekee ambacho hakijaambiwa 'tutakupigia'."

Nje ya ua wagonjwa walishajipanga, mmoja kambeba mwanawe anayekohoa. Nambua aliushika mkoba mapajani, mikono mitatu imenyooshwa mbele yake.

Basi mseme ninyi. Pua, mgongo au ulimi: mkoba apewe nani? Na huyo mtakayemchagua, mtakuwa mmemtuza, au mmemchimbia kaburi?