Kiboko na Wenzake

Nina hadithi!
— Itoe!
Ikiwa tamu?
— Tutaimeza!
Ikiwa chungu?
— Tutampa jirani!

Haya, kaeni. Na wewe uliye mlangoni, ingia au toka, mimi sisimulii nusu mtu.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na maabara, alikuwako Sange, yule mdogo mwenye pua kama mrija. Kazi yake ilikuwa kutafuta dawa ya homa. Alikuwa na makombe ishirini ya konokono, na ndani ya kila kombe alifuga ukungu. Miaka sita aliutazama, akaunusa, akaulisha uji. Mpaka siku moja ukungu wa kombe la kumi na tatu ukamponya Digidigi, ambaye alikwisha kukatiwa sanda.

Mkuu wa maabara alikuwa Kiboko. Kazi yake ilikuwa kula, kupiga miayo na kutia jina. Sange akiandika utafiti, Kiboko anatia jina lake mbele. Sange akiandika wa pili, Kiboko anatia jina lake mbele. Akiandika wa tatu, msiniulize.

Sasa msitu ule ulikuwa na desturi yake. Mnyama haruhusiwi kusema jambo la elimu bila kumtaja aliyelisema kwanza. Na kwa kuwa wanyama ni wavivu, walitaja jina la mbele tu: ukungu unatibu homa, kama walivyosema Kiboko na wenzake. Jina likishatajwa, ndege Kigong'ota huruka kwenye mti wa mwenye jina na kuchonga alama moja: ko! Mti wa Kiboko ulijaa alama hadi juu. Mti wa Sange haukuwa na hata mkwaruzo. Yeye ndiye aliyekuwa "wenzake", peke yake, maskini.

Kiangazi kilipoingia, Kiboko akatoa amri. Asiye na alama kumi kufikia siku ya sherehe, ile ya kila mwaka ya kumtuza mwenye alama nyingi kuliko wote, atoke maabara, na vyake vitupwe mtoni. Sange akaenda kumwomba. Akamweleza kwamba ukungu ukizama umekufa, na homa ndiyo kwanza imebisha hodi kwa watoto wa Ngiri. Kiboko akamjibu kwa upole kwamba sheria ni sheria, kisha akamwuliza kama hana utafiti mwingine mpya.

Sange alilia, nisiwafiche. Alilia mpaka pua ikavimba. Halafu akanawa uso, akakaa, akaandika.

"Mzee, huu ni mkubwa kuliko yote," akamwambia kesho yake. "Mkubwa mno, hata naona aibu jina langu kukaa humu."

"Basi litoe," Kiboko akasema.

"Nilitoe kabisa?"

"Kabisa. Hata hao wenzake siwataki."

Akatia jina, pa! Hakusoma. Asome kwa nini? Miaka sita hajasoma na mti umejaa.

Utafiti wenyewe ulisema hivi: mnyama akiumwa na nyuki sabini na saba matakoni, hatapata homa maisha yake yote.

Wanyama wakavunjika mbavu. Sange naye akatoa utafiti wa mstari mmoja, wenye jina lake peke yake: si kweli. Basi Nyani akasema nyuki wanakinga homa, kama alivyosema Kiboko, lakini si kweli, kama alivyosema Sange. Ko! Ko! Twiga akasema vilevile. Ko! Ko! Hata Konokono akasema vilevile, ilimchukua siku mbili. Ko! Ko! Kigong'ota shingo ikamuuma, lakini hakuuliza kama mtu anasifiwa au anachekwa. Kwake alama ni alama.

Kiboko alisikia ko ko ko mchana kutwa, akanenepa kwa furaha.

Siku ya sherehe, Sange alikuwa na alama mia nne, kwa hiyo hakuna wa kumtoa. Mshindi lakini alikuwa Kiboko. Makofi, pwa pwa pwa! Na mshindi, kwa desturi, huonyesha kwa mwili wake ule utafiti uliotajwa kuliko yote. Mwaka uliopita alilamba ukungu tu, akashangiliwa. Bibi Kobe, mwenyekiti wa sherehe, akamwuliza kama yuko tayari. Kiboko akasema yuko tayari kwa lolote.

"Basi geuka," Bibi Kobe akasema.

Wakaleta mzinga. Zzzzz! Sange ndiye aliyehesabu, maana sayansi haitaki kukisia: moja, mbili, tatu. Alipofika arobaini na moja, Kiboko alikwisha kuvunja jukwaa, akawakanyaga wapiga ngoma, na tubwi! mtoni. Watoto wa Ngiri walipona wote, kwa ukungu wa Sange. Kiboko hata leo mchana kutwa yumo majini, masikio tu ndiyo yaliyo juu, anasikiliza kama kuna anayemtaja.

Hadithi imefika kwake, nami naenda kwangu.
— Nenda, njia ni yako!

Na funzo, kwa wanaopenda mafunzo: waheshimuni wakubwa. Mkuu wako akitaka kutia jina kwenye kitu asichokisoma, usimchoshe kwa maelezo. Mpe kalamu.