Burito za Mkuyuni

Watu wengi huifasiri methali ya mgeni kwa tumbo. Husema, mgeni akiingia jogoo huchinjwa, na mwenyeji aliyekuwa akishindia dagaa naye hupata paja. Ndiyo maana ikasemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wala hawakukosea. Lakini yako maradhi ya mwenyeji yasiyotibika kwa paja la kuku, na Mzee Machibya wa Mkuyuni, Mwanza, alikuwa nayo bila kujua kwamba anaumwa.

Machibya alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, binti yake Hellen aliolewa Dar es Salaam, na nyumba iliyokuwa imejaa vicheko ikabaki na redio. Asubuhi alikula mkate mkavu, jioni akasonga ugali wake na kuula na dagaa, kisha akaitazama sahani kama mtu anayesubiri kuambiwa neno. Ukimwuliza habari, angekujibu kwamba ni nzuri, tena kwa sauti ya juu.

Ukuta mmoja tu ulimtenga na Salehe, muuza chapati, rafiki yake tangu ujana. Ila wawili hao sasa hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Chanzo chake, ukikisikia, utacheka. Machibya alimtengenezea Salehe chuma cha kuchomea chapati kwa bati jembamba, nacho kilipopata moto kikabenuka katikati. Salehe, ambaye ulimi wake haukujaliwa breki, akasema mbele ya watu kijiweni, "Jamani, nilimwagiza Machibya chuma, kanitengenezea kofia!" Watu walicheka hadi wakamwaga kahawa. Machibya hakucheka. Aliondoka na uso umemvimba kama andazi, na tangu siku hiyo hakununua tena chapati kwa Salehe wala kumpa salamu. Kila alfajiri harufu ya chapati iliruka ukuta ikaja kumkejeli mezani, naye akaendelea kutafuna mkate wake kwa heshima.

Ikafika likizo ya Juni. Hellen akamleta mwanawe kukaa na babu, kisha yeye akarudi kazini kwake. Mtoto huyo aliitwa Ng'washi, jina la marehemu bibi yake, na umri wake ulikuwa miaka kumi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu!" Machibya alimpokea kwa utani wa mababu, huku meno yote yakiwa nje. "Umekuja kunipikia?"

"Mimi sijui kupika, babu."

"Basi tumeoana wawili tusiojua."

Utani ulikuwa mzuri, lakini haukushibisha. Ng'washi alizaliwa mjini kwenye makelele, na nyumba ile ilikuwa kimya mno. Machibya alimpa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo Wasukuma hulea navyo watoto wao. Ng'washi alimeza kipande kimoja kama anayemeza dawa, akasema asante. Ugali aliugusa tu. Sato wa kukaanga alimla mkia.

Siku moja jioni, Machibya akiwa anapita na sahani mkononi, alimsikia mjukuu wake akizungumza na mama yake kwenye simu. "Mama, naomba unichukue. Babu ni mzuri, lakini huku hakuna mtu." Sauti ya Hellen ikajibu kwamba binamu yake, mjomba Venant, angefika Mwanza kikazi Jumapili, na ikiwa Ng'washi bado hajazoea, angerudi naye.

Machibya aliumia. Aliumia kwa sababu mtoto alisema kweli. Huko nyuma alikuwa akijidanganya kwamba ukimya ule ni utulivu. Sasa mtoto wa miaka kumi alikuwa ameupa jina lake, na Jumapili angemwachia wote aumalize peke yake.

"Mke wangu," alimwuliza asubuhi yake, akijikaza kisabuni, "huko Dar unapenda kula nini?"

Macho ya mtoto yakang'aa. "Burito, babu! Ile ya jibini!"

Ng'washi akamweleza. Burito, alisema, ni chapati pana iliyoviringishwa kama mkeka mdogo, na ndani yake mna wali, maharage, nyama ya kusaga, na mchuzi wa jibini unaovutika ukiuma. Huko mjini unaagiza dirishani, na kabla hujamaliza kuhesabu watu walio mbele yako, umeshapewa ya moto ndani ya karatasi.

Machibya hakuwahi kulisikia neno hilo. Lakini mtu aliyefunga mageti ya nusu ya Mkuyuni atashindwaje na chapati? "Basi utaila hapa hapa," alijigamba, "na ile ya Dar utaisahau."

Alipanda mjini akanunua jibini, akapitia dukani akachukua chapati zilizolala. Wali wa Magu ulikuwepo, maharage yalikuwepo, na nyama aliikaanga mwenyewe kwa vitunguu na binzari. Mpaka hapo mambo yalikwenda. Kisha akaweka kila kitu katikati ya chapati, akaweka na kipande cha jibini juu, akaviringisha. Chapati ikapasuka. Akaviringisha nyingine; hiyo nayo ikaachana matabaka, maharage yakamwagika mapajani. Jibini ilibaki pale pale imekaa kama kipande cha sabuni ya kufulia.

"Babu, jibini inatakiwa iyeyuke."

"Kuyeyusha ndiyo kazi yangu," alisema fundi, akaitupia kikaangoni juu ya makaa makali. Moto aliujua mmoja tu, ule wa kulazimisha chuma kikubali. Jibini ikatoa mafuta, ikajikunja, ikawa ngozi. Ng'washi aliivuta kwa uma, akaivuta tena, akasema taratibu, "Babu, hii tunaweza kuzibia pancha."

Machibya aliangua kicheko, na mtoto naye akacheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu afike. Hata hivyo kicheko hakijazi tumbo, na Jumapili ilikuwa inakuja.

Ndipo Ng'washi alipoinua pua. "Babu, kuna harufu ya chapati nzuri. Inatoka wapi?"

"Sijui," alidanganya mzee mzima.

Mtoto hakusubiri kujulishwa. Mgeni hana habari na mipaka ya ugomvi wa wenyeji. Alipanda jiwe lililokuwa kando ya ukuta, akachungulia, akapiga kelele, "Babu, kumbe kuna babu mwingine huku! Shikamoo!" Na kabla Machibya hajaokota neno, alikuwa ameshazunguka getini na kuingia kwa Salehe.

Alirudi baadaye kidogo na chapati ya moto mkononi, nusu imeshaliwa. "Anasema chapati ya burito anaiweza. Lakini anasema uende mwenyewe."

"Mwambie nina kazi."

"Amesema utasema hivyo."

Machibya aliketi. Upande mmoja ulikuwepo ule uso wake uliovimba siku ile kijiweni. Upande wa pili alikuwepo mtoto huyu mwenye mafuta ya chapati kidevuni, ambaye Jumapili angeondoka. Aliona haya kwamba alikuwa akipima vitu viwili hivyo kana kwamba vina uzito sawa. Akapiga moyo konde, akainuka.

"Hodi."

"Karibu, fundi," alijibu Salehe bila kuinua macho kutoka kwenye donge lake la unga.

Mkewe, Zakia, akadakia. "Shemeji! Umepotea hivyo, ulihamia Magu nini?"

"Nipo tu, shemeji. Hapo ukutani."

Salehe alifuta mikono. Alipoanza kuongea kazi, ulimi wake ulitulia. "Chapati zetu hizi tunazikunja kwa mafuta ili ziwe na matabaka. Ukizitia mchuzi ndani na kuziviringisha, zinafumuka. Hiyo ya mjukuu inataka unga ukandwe kwa maji ya moto, usikunjwe kabisa, usukumwe mwembamba na mpana. Unga ninao, mikono ninayo. Chuma sina. Hiki changu ni kidogo."

Wote wawili walikitazama chuma kile kidogo. Machibya alingoja mzaha. Haukuja.

"Utamtafuta nani akutengenezee?" aliuliza Machibya.

"Fundi wa chuma mwingine simjui," alisema Salehe. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na siku ile nilizidisha, Machibya. Kuchekesha watu kunaniponza."

"Bati nalo lilikuwa jembamba," alijibu Machibya. Macho yalimwasha, akasingizia moshi.

Mchana huo alitoa bamba nene alilokuwa ameliweka kwa ajili ya geti la mteja. Alilikata duara pana, akachomelea mbavu za chuma upande wa chini ili lisije likabenuka, akalisugua uso mpaka likateleza. Alipolipasha moto na kulipoza, Ng'washi alimwaga maji katikati. Maji yakatulia pale pale, hayakukimbilia ukingoni. Mzee akashusha pumzi.

Jumamosi walipika uwanjani kwa Salehe. Salehe alisukuma chapati nyembamba ambazo ungeweza kumfunikia mtoto mchanga. Zakia alikaanga unga kidogo kwenye siagi, akamimina maziwa huku akikoroga, kisha akaepua sufuria kabla ya kutia jibini iliyokunwa. "Jibini haitaki kugombezwa na moto, shemeji," alisema, na Machibya akajifanya hajasikia. Ng'washi, yule aliyesema hajui kupika, sasa alikuwa ndiye mwalimu. "Unakunja pembeni kwanza, halafu unaviringisha, halafu unairudisha kwenye chuma, mkunjo ukae chini ishikane. Babu Salehe, umejaza mno! Toa maharage!"

Walipouma, jibini ilivutika kutoka mdomoni kwa Salehe hadi mkononi, ikagoma kukatika, ikamwangukia kidevuni.

"Hiki sasa ni chuma," alisema Salehe mdomo umejaa. "Ile ilikuwa kofia."

Wakati huu Machibya alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kicheko alichokuwa amekinyima nafasi muda wote ule, na Salehe akacheka naye, na Zakia akawaambia wote wawili kwamba ni watoto kuliko mtoto.

Jumapili mjomba Venant alifika na gari, akapiga honi. Machibya alisimama mlangoni, asithubutu kuuliza. Ng'washi alitokea upande wa pili wa ukuta, unga mpaka kwenye nyusi.

"Mjomba, ngoja kwanza ule burito," alisema, "halafu usafiri salama. Mimi bado nina kazi hapa."

Likizo iliisha kama likizo zote zinavyoisha. Siku ya kuondoka, Machibya alimsindikiza mjukuu wake stendi, akapunga mkono mpaka basi likapotea. Akarudi kwa mwendo wa polepole, maana alijua nyumba ilivyokuwa tupu. Hakuifikia. Getini kwa Salehe alikuta kiti chake kimeshatolewa nje, chai imemiminwa, na Zakia akimgombeza kwa kuchelewa huku watu wawili watatu kutoka kijiweni wakisubiri kuonja hizo burito walizozisikia.

Simu ikalia. Alikuwa Hellen. "Baba, asante sana kwa kumlea mtoto. Kila nikiongea naye kwa simu ni babu, babu."

"Asante ya nini, mwanangu?" alijibu Machibya. "Nilidhani namzoesha mtoto nyumba yangu. Kumbe yeye ndiye aliyenizoesha tena kuishi na watu."

Kweli hawakukosea waliosema: mgeni njoo, mwenyeji apone.