Kiboko na Amina ya Chemchemi

Hapo zamani, watoto, wanyama walipokuwa na majiko, makanisa na mikutano isiyokwisha, Mama Ndekwa, kindi mwenye watoto saba, alikuwa akichambua maharage. Mara mumewe akaingia mbio, akajikwaa kwenye sufuria, kwaang!

"Mama Ndekwa, mambo yameharibika! Kiboko amekuwa mwenyekiti wa chemchemi, tena wa maisha. Yeye na Nyati wataoga kwanza, sisi tutakunywa baadaye."

"Tunywe tope? Na kitindamimba ameshinda wiki nzima anaharisha? Nani kampigia kura huyo?"

"Hatukupiga kura. Alifungua mkutano kwa sala. Akasema, 'Ee Mungu, asante kwa kumchagua mtumishi wako Kiboko awe mwenyekiti maisha yake yote.' Tulipofumbua macho akatuambia tumeshapitisha."

"Na wewe ulisema nini?"

Baba Ndekwa akajikuna sikio. "Amina."

"Jamani! Amina ya nini?"

"Sasa sala ikiisha mtu anasemaje?"

Mama Ndekwa akashusha pumzi, fyuuu. Akafunika maharage, akajifunga kanga, akaenda, mumewe akimfuata.

Mkutanoni Kiboko alikuwa akipiga miayo. "Umechelewa, dada. Mungu ameshaamua. Au unataka kubishana na Mungu?"

"Mie? Hata nafasi ya kubishana na mume wangu sina. Nimekuja kutoa sala ya kufunga."

"Hayo ndiyo maneno!" Kiboko akafurahi. "Haya, fumbeni macho!"

Wote wakafumba.

"Ee Mungu," akaanza Mama Ndekwa, "asante kwa mvua. Wabariki wagonjwa, wasafiri, wajane, na kwaya yetu ambayo kila Jumapili inapotea sauti..." Akaomba, akaomba. Nyati akakoroma, khrrr! Kichwa cha Kiboko kikaanza kuning'inia. "...Na asante kwa mtumishi wako Kiboko, aliyeacha uenyekiti leo kwa hiari yake, ambaye hatakanyaga chemchemi mpaka wadogo wote wanywe."

"AMINA!" Kiboko akanguruma kuwashinda wote.

Halafu Baba Ndekwa akacheka, kwi kwi kwi!

Kiboko akashtuka. "Nimesema nini? Aa, hapana! Hiyo ilikuwa sala tu!"

"Kweli kabisa, mzee wangu, sala tu. Na ile yako ya asubuhi?"

Hapo Kiboko akanaswa. Akisema sala ni kura, basi ameacha uenyekiti. Akisema si kura, basi hakuchaguliwa.

"Mungu tutamwomba Jumapili, na mimi nitakuja," akasema Mama Ndekwa. "Leo kila mmoja aokote jiwe, aliweke mbele ya anayemtaka. Haraka, nimeacha maharage!"

Mawe yakaanguka, ta! ta! ta! mbele ya Kobe, aliyejitokeza na kuahidi kwamba wadogo watakunywa kwanza. Mbele ya Kiboko yakawa mawili tu: lake na la Nyati.

Jioni Mama Ndekwa akapakua maharage. Mumewe alikuwa bado anacheka.

"Wewe usicheke, ulisema Amina zote mbili," akamwambia, akimsukumia sahani. "Sala, fumba macho. Kura, fumbua."

Kisha akahesabu vichwa: watoto saba, baba mmoja. Wote wapo, wanakula.