Kamba ya Kisima cha Msikiti

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika kisiwa kidogo cha Mwambeni aliishi mjane mcha Mungu akiitwa Bi Mize. Wanawake wa huko walikuwa wakifukia makumbi ya nazi ufukweni, kila mmoja na shimo lake na kigingi chake. Bahari ikishayalainisha kwa miezi, wao huyafukua, wakayaponda na kusokota kamba.

Bi Mize aliugua macho hata akakaribia kupofuka. Akaweka nadhiri kwamba akipona atasokota kamba mpya ya kisima cha msikiti. Mola akamponya. Maji yalipokupwa akashuka pwani asubuhi ya ukungu, bahari na mbingu zimekuwa kitu kimoja, akitembea kama mtu aliye usingizini. Akapapasa kigingi, akafukua. Kamba ikasokotwa, ikatiwa kisimani, na watu wakatawadha huku wakimwombea dua.

Mwezi uliofuata akashuka tena, safari hii kweupe. Hatua kumi mbele ya pale alipofukua akakiona kigingi chake mwenyewe, chenye mikato mitatu, na mawe yake hayajaguswa. Lile alilofukua lilikuwa shimo la Bi Mashavu, jirani yake wa pale ufukweni.

Na lingekuwa la mwingine yeyote, afadhali. Lakini miaka miwili nyuma Bi Mize alikuta shimo lake tupu, akamwita Bi Mashavu mwizi mbele ya kina mama wote, na tangu siku hiyo hawakupeana hata salamu. Ulimi huo, jamani! Sasa aende akaseme nini? Hakuna aliyemwona, na bahari ilikwisha kusawazisha kila kitu. Akasimama pale mpaka maji yakamfika vifundoni. Akinyamaza, watu watatawadha kwa kamba ya dhuluma, na nadhiri yake itakuwa bure.

Akapiga moyo konde, akaenda kubisha hodi.

"Bi Mashavu, kamba ya msikitini ni makumbi yako. Nilipotea kwenye ukungu. Shimo langu lipo, lichukue lote. Na mimi ndiye niliyekuita mwizi. Nisamehe, dada yangu."

Bi Mashavu alikuwa akichagua mchele. Mikono ikasita, machozi yakadondokea ungoni.

"Hukunisingizia, Bi Mize," akasema. "Makumbi yako ya wakati ule niliyafukua mimi, kwa kupotea kama wewe. Nikaona haya kusema. Kisha ukaniita mwizi, nikapata cha kukasirikia, nikashikilia hapo hapo. Miaka miwili nasali na deni lako shingoni. Kamba ibaki, nimekuhalalishia. Nawe nihalalishie yale yako."

"Nimekuhalalishia," akajibu Bi Mize. Akaketi, akauvuta ungo, wakachagua mchele pamoja.

Basi tazameni, ndugu zangu. Wote wawili walipotea ufukwe mmoja, kosa moja, na aliyetangulia kusema ndiye aliyemfungua mwenzake. Nasi kila mmoja ana mlango anaoupita miaka bila kubisha hodi. Mola atujaalie miguu ya Bi Mize.