Chumvi ya Nyota

Hadithi ije? Ije, mkeka umeshatandikwa!

Palikuwa na Mwanakheri, mwanamke aliyeishi peke yake nje ya mji, akichora anga la usiku kwa rangi za maji. Nyota hakuzichora. Karatasi ikiwa bado mbichi aliinyunyizia chumvi, na kila punje ikanywa rangi, ikaacha nyota.

Magharibi moja akapaka giza lake, akatia mkono kwenye chungu cha chumvi: hamna kitu! Akatoka mbio, rangi isije ikamkaukia.

Nyumba ya kwanza akabisha. "Hodi! Naomba chumvi." Wakazima taa.

Ya pili. "Hodi! Naomba chumvi." Wakatia komeo.

Nyie mnajua, jua likishatua chumvi haitajwi, huitwa kiungo. Anayeitaja kwa jina lake si mtu, ni zimwi. Mwanakheri naye alijua, ila alikuwa hajaongea na mtu siku nyingi mno, akasahau.

Ya tatu ilikuwa ya dada yake. "Hodi! Naomba chumvi."

"Mama, si sauti ya mama mdogo hiyo?" mtoto akauliza ndani.

"Nyamaza! Mama yako mdogo ni mtu."

Mwanakheri akarudi kwake analia. Kumbe zimwi limeketi kando ya karatasi yake, kiganja kimejaa chumvi. Likairusha, na nyota zikawaka kweli, chumba kizima kikang'aa.

"Karibu, mwenzangu," likasema taratibu. "Hata mimi nilianza kwa kusahau neno."

Nami nakomea hapo. Nikija kwenu usiku nitaomba kiungo, msinifungie.